Gari Lililopeleka Keki Lupiro

Hilo gari kubwa unalolitamani, unataka kulipeleka wapi?

Jibu kwa ukweli. Usinitajie barabara mbovu, maana mimi naishi Ifakara na mashimo yake nayajua kama ninavyojua majirani zangu. Kila jioni pale kijiweni Kibaoni nawasikia vijana wenzangu, wengine tumetoka chuo kimoja, wakiongea habari za magari ya kupanda kwa ngazi. Bila gari la namna hiyo, wanasema, mtu hajafika. Hajafika wapi? Bonde hili linajaza wali kwenye sahani za nchi nzima, halafu sisi wenyewe tunaona haya kuendesha kitu kinacholingana na safari zetu! Nimechoka kubishana nao. Nitakusimulia tu habari za mama mwenye nyumba wangu na kigari chake, kisha utaamua mwenyewe.

Anaitwa Aurelia Libena. Napanga chumba kwenye uwanja wake, Mlabani, na kama wenzangu wote namwita Mama Teddy, kwa jina la binti yake aliyeolewa Morogoro. Ni mama mfupi, mwenye mikono minene, anayeanza kucheka kabla hujafika mwisho wa maneno yako. Kazi yake ni kuoka keki. Komunyo ya kwanza, kipaimara, harusi, mahafali ya chekechea: nusu ya mji huu imeshalamba krimu ya Mama Teddy.

Alizaliwa Lupiro, ng'ambo ya mto, katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Alipomaliza darasa la saba alikuja Ifakara kufanya kazi jikoni kwa masista, na huko akajifunza tanuri. Mdogo wake, Agnella, alikuwa anakuja kumtembelea siku za likizo, anakaa kwenye gunia la unga anaangalia. Mwisho Aurelia alitoka pale na ujuzi wa mikate, Agnella akabaki na kuwa sista. Dada yao mkubwa, Apolonia, hakwenda popote. Aliolewa palepale Lupiro na Kelestini, mwanamume mwenye mashamba mengi na mdomo usiopumzika.

Huyo Kelestini ndiye chanzo cha yote.

Miaka michache iliyopita alimwoza binti yake, na keki aliomba kwa shemeji yake. Wakati huo Mama Teddy hakuwa na gari. Aliifunga keki kwenye boksi, akapanda bodaboda, akalipakata boksi magotini. Kama hujawahi kubeba keki ya harusi kwenye pikipiki kutoka Ifakara hadi Lupiro, usijaribu. Daraja ni zuri, lakini baada ya daraja kuna changarawe, na kwenye changarawe kuna matuta yaliyochongwa na malori. Alipofika na kufungua boksi, hapakuwa na keki. Palikuwa na makombo na krimu, vimechanganyika.

Mtu mwingine angelificha boksi. Kelestini alichukua kipaza sauti.

"Jamani wageni waalikwa," alisema, "keki imefika salama. Leteni vijiko!"

Ukumbi wote uliangua kicheko. Na kwa kuwa shemeji ni mtani, na mtani hana breki, aliongeza: "Wenzetu wanaleta mchele mzima, huyu katuletea chenga." Kuanzia siku hiyo, ng'ambo yote ya mto, yeye ni Mama Chenga. Chenga, kwa wasiokaa na mashine za kukoboa, ni ule mchele uliovunjikavunjika, unaopewa kuku au kupikwa uji. Alicheka pamoja nao, maana hasira kwa shemeji ni aibu. Lakini mume wake, Mzee Dionisi, aliniambia kwamba alipofika nyumbani aliiosha mikebe yake ya kuokea ikang'aa, akaipanga, kisha akaiosha tena yote.

Gari alilipata baada ya hapo. Ni Starlet ya zamani, ya rangi iliyowahi kuwa bluu, aliyoiacha karani mmoja aliyehamishwa kikazi. Mzee Dionisi anaendesha mashine ya kukoboa mpunga na hana hofu na mkanda wala mota, lakini usukani anauogopa kama nyoka, kwa hiyo ilibidi mkewe ndiye ajifunze. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, kabla watoto wa shule hawajaamka kumcheka.

Na alilitunza! Hapa ndipo nataka vijana wenzangu wasikilize. Kila Jumapili baada ya misa anafungua boneti akiwa bado na gauni la kanisani. Anaangalia maji ya rejeta, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakichomeka tena na kukisoma. Masika akitoka safari analaza jamvi chini, anaingia uvunguni na ndoo, anang'oa tope kabla halijakauka. "Tope ni kama deni la kanisa," ananiambia. "Ukiliacha wiki moja, linakuwa sehemu ya familia." Kigari chenyewe hakina makuu. Kinakunywa mafuta kama kuku anavyokunywa maji, tone na kutazama juu. Kwa kigari hicho amefika na keki Kisawasawa, chini ya milima, na kurudi, na mshale wa mafuta haukutikisika sana.

Lakini Lupiro hakuwa amepeleka tena. Hakuna aliyemwomba.

Krismasi iliyopita familia ilikaa kupanga jubilei ya Sista Agnella, miaka ishirini na mitano ya utawa. Sherehe ingefanyika nyumbani kwa Kelestini, Jumamosi moja baada ya Pasaka. Walipofika kwenye keki, Apolonia alishauri kwa upole kwamba itafutwe mtu wa palepale Lupiro. Ndipo Agnella mwenyewe akasema, "Mimi nataka ya Aurelia. Hata ikija chenga, nitaila."

"Basi vijiko navihifadhi," alisema Kelestini. "Lakini shemeji, baada ya Pasaka ni masika kamili. Hicho kibiriti chako kitakuwa juu ya matofali. Tena ukikiweka juu ya matofali niambie, nina kuku wanatafuta nyumba."

Hakusema uongo mtupu. Huku kwetu magari madogo mengi hulazwa masika. Mwenyewe analiinua gari juu ya matofali, anatoa tairi, anaficha tairi chumbani, anafunika turubai, anangoja Juni. Mengi hayashuki tena. Kelestini anajua, kwa sababu pikapu yake mwenyewe ilipanda matofali zamani, na kuku wanaotafuta nyumba walikuwa wameshaipata humo.

Mama Teddy alirudi Ifakara na neno moja: keki itafika nzima, ya ngazi tatu, kwa gari lake, mbele ya watu walewale walioshika vijiko.

Kijiweni walimshauri auze, atafute la juu. Mimi niliwajibu kwa hasira, na sikujuta. Yeye alikwenda kwa fundi wake, Beno, pale Kibaoni, kijana mwenye gereji ya turubai na vichekesho vingi kuliko spana.

"Beno, mwanangu, liinue. Lipite tope."

Beno aliliinua. Alitafuta springi ngumu za gari zito, akaziingiza, na kigari kikasimama juu kama mbuzi anayetaka kula majani ya mti. Kilipita kila dimbwi. Siku ya pili Mama Teddy aliweka keki ya majaribio kiti cha nyuma, akazunguka hadi Katindiuka na kurudi. Keki ilikuwa na ufa katikati kama shamba la Novemba.

"Springi ngumu zinapita tope," alisema Beno, akijikuna, "ila zinampiga aliyemo ndani."

"Aliyemo ndani ndiye ninayempeleka," alijibu. "Nirudishie zangu."

Hapo nilimheshimu kweli. Mtu ameshalipia kitu, watu wote wanakisifu, naye anasema hapana, hiki si changu. Beno alirudisha springi laini kama zile za mwanzo, mpya safari hii. Akafunga tairi pana kidogo, na chini ya injini akachomelea bamba la chuma ili mawe yasiguse tumbo. Kikawa chini kama mwanzo, ila hakikuwa na woga tena.

Ilibaki keki yenyewe. Wazo lilitoka kwa Mzee Dionisi, ambaye husema kidogo. Kule mashineni pumba za mpunga zimejaa kama kichuguu. Watu huchomea matofali, wengine hawajui wazifanye nini. Alileta gunia, akajaza beseni kubwa, akakaza kwa mkono, akaweka juu yake sahani na yai bichi. "Endesha," akamwambia mkewe. Mama Teddy aliendesha. Yai lilirudi zima. Wakajaza mabeseni matatu, moja kwa kila ngazi ya keki, wakayaacha humohumo garini yangoje siku yake.

Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa Ifakara tu.

Pumba za mashineni hazikosi chenga, na hazikosi punje chache zilizoponyoka na maganda yake. Zikakaa garini majuma kadhaa ya masika, kwenye joto na unyevu, zikinukia. Ijumaa, mchana wa kuamkia jubilei, keki zikiwa tayari mezani zimepakwa krimu, Mama Teddy aliingia garini, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata taa hazikuwaka.

Beno alikuja na baiskeli. Alifungua boneti, akacheka, kisha akanyamaza alipouona uso wa Mama Teddy. Katika siku zile chache tangu Jumapili, panya walikuwa wametengeneza kiota pembeni ya betri, na waya zilikuwa zimetafunwa kama miwa. Mimi nilikuwa nasaidia kutoa vitu ndani. Nilipofunua kapeti la nyuma niliona kitu cha kijani.

"Mama Teddy," nilisema, "hapa kumeota."

Beno aliingiza kichwa. "Mpunga! Mama, umelima gari?"

Miche midogo, myembamba, imesimama vizuri kabisa kwenye uchafu uliolowa chini ya kapeti. Mzee Dionisi aliiangalia kwa muda, kama mtu anayekagua shamba la jirani. "Umeota vizuri," alisema. "Ila haukupaliliwa."

Mama Teddy alikaa kizingitini. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakucheka. "Yule Kelestini," alisema polepole, "akilijua hili, nitazikwa nalo."

"Hatajua," Beno alisema. "Na gari litawaka. Wewe nenda kalinde keki zako na nzi."

Alifanya kazi mchana huo wote, akiunga waya moja baada ya nyingine na kuzivisha mpira. Sisi wengine tulikaa uwanjani na nyungo, tukipepeta pumba ili zisibaki na chenga ya kuwaita panya. Wapita njia walisimama. Maisha yote watu wa bonde hili wanapepeta ili wabaki na mchele, pumba zipeperuke. Sisi tulikuwa tunazikusanya pumba na kuwatupia kuku mchele. Mama mmoja aliuliza kama tumerukwa na akili. "Bado kidogo," alimjibu Mzee Dionisi.

Jua lilipoanza kulala, Beno aliita, "Mama, njoo uwashe." Kigari kikakohoa, kikanguruma. Mama Teddy akapiga kigelegele peke yake, na kuku wakakimbia.

Jumamosi tuliondoka mapema. Mama Teddy kwenye usukani, kilemba kimefungwa imara. Pembeni yake beseni la keki ndogo kuliko zote. Nyuma, mimi dirisha hili na Mzee Dionisi dirisha lile, katikati yetu ile kubwa. Ya kati ilikuwa buti. Daraja tulivuka bila neno. Mto ulikuwa umetanuka, maji ya rangi ya chai ya maziwa, majani marefu yakiwa yamelala upande mmoja. Hakuna aliyesema ni pazuri. Wote tulikuwa tunaangalia beseni.

Mbele kidogo magari yalikuwa yamesimama. Lori la mpunga lilikuwa limezama mpaka ekseli, na gari moja kubwa, jeupe, la ngazi, lilijaribu kulipita pembeni likazama vilevile. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni, suruali imekunjwa, anaongea na simu isiyo na mtandao. Kati ya tope na majaruba ilibaki kingo nyembamba ya majani, imara, lakini hakuna gari ambalo lingegeuka kuingia pale.

Vijana wa karibu walikuwa wanakodoa macho. Mmoja wao alitufuata.

"Shikamoo mama. Hapa hupiti. Rudi."

"Marahaba. Mwanangu, mko wangapi hapa?"

"Kuvuta hatuwezi mama, hata trekta limeshindwa kulitoa lile jeupe."

"Sijasema mvute. Nimesema mko wangapi. Hili langu linabebeka."

Kijana alikitazama kigari, akakizunguka, akakaribia kutabasamu. Akapiga mluzi.

Kwanza tulishusha keki. Mama Teddy alijitwisha ile ndogo, beseni kichwani, viatu mkononi, akatangulia kwenye kingo akitembea kama yuko kwenye maandamano ya Ekaristi. Mzee Dionisi alifuata na ile ya kati, mimi nikiwa nyuma na ile kubwa, nikisali kwa mara ya kwanza tangu chuo. Nyuma yetu vijana walishika kigari huku na huku. "Moja! Mbili! Kina mama shangilieni!" Wakakiinua. Nakuapia, kilitembea hewani. Wakakiweka kwenye kingo, wakakisukuma, wakakiinua tena mwisho wa tope, wakakitua upande wa pili kikiwa kinadondosha maji kama bata.

Yule bwana wa gari jeupe alikuja mbio. "Mama, samahani, nipeni lifti. Nami naenda jubilei, mimi ni mgeni rasmi."

Mama Teddy alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Baba, ningependa. Lakini viti vyote wamekaa wageni walionitangulia." Akamwonyesha mabeseni.

Niliangalia lile gari jeupe lililozama, zuri, likimeremeta, na sikucheka. Niliona uchungu tu. Mangapi kama hayo tunayanunua ili yatubebe, kisha yanatushinda kubeba!

Mwisho tulimpatia nafasi buti, miguu nje, akipakata keki ya kati. Mgeni rasmi aliingia Lupiro hivyo.

Kelestini alikuwa getini na kundi la watani wenzake. Kila mmoja alikuwa na kijiko mfukoni, kimechomoza kama kalamu. "Mama Chenga ameingia!" alipaza sauti. "Na uji wake umepakatwa na mheshimiwa!"

Mama Teddy aliomba meza, akaomba maji ya kunawa, akapanga ngazi moja juu ya nyingine, akafunua. Nyeupe, yenye maua ya manjano, bila ufa. Kelestini aliinama, akaizunguka, akachungulia hata upande wa nyuma ambako hakuna aliyekuwa anaangalia.

"Hii," alisema, "umeinunua hapahapa Lupiro."

"Shemeji, rudisha vijiko jikoni. Mchele ni mzima."

Vigelegele vilivyolipuka sijawahi kusikia tena. Sista Agnella alikuja, akaishika mikono ile minene, akasema neno moja tu la Kipogoro ambalo sikulielewa, na wote wawili wakalia. Kelestini alivikusanya vijiko kimoja kimoja. Nilimwona mara mbili akikizunguka kigari. Mara ya pili alipiga magoti, akatazama lile bamba la chini.

"Shemeji," alimwuliza wakati wa chakula, "na panya unawafanyaje?"

Mama Teddy alimtazama Mzee Dionisi. Mzee Dionisi alitazama wali.

"Usiwalishe," alisema Mama Teddy. Na akacheka, kile kicheko chake, mpaka akaweka sahani chini.

Tulilala palepale Lupiro. Asubuhi nilitoka nje kuosha uso nikakuta kelele za kuku uwanja mzima. Kelestini alikuwa ndani ya pikapu yake ya zamani, amevaa fulana na kofia ya shamba, anawatupa kuku nje kupitia dirishani mmoja mmoja, manyoya yakiruka. Tairi nne zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimefutwa vumbi. Mama Teddy alikuwa amelala kwenye jamvi chini ya pikapu ile, anagonga kitu na jiwe, na sauti yake ikitoka uvunguni:

"Hii bado ipo sawa, shemeji. Hii nayo iko sawa. Leta jeki yangu, iko buti. Na mtu amshike huyu tetea, anarudi kwenye kiti."